Kigoda na Mlango Ulio Chini ya Maji

Sogeeni, na wewe unayetafuna muwa acha kwanza. Mtaa mmoja ulikuwa na mafundi watatu. Nakijwa alichemsha tangawizi kali, hata maiti angepiga chafya. Kihiyo alifufua feni zilizokufa enzi za babu yake. Mbazi naye alisuka mikeka ambayo ukiikanyaga, unyayo unakataa kuondoka.

Hapo hapo aliishi Bibi Namsifu. Kijiji chao kilimezwa na bwawa la umeme yeye angali msichana. Alitoka na kigoda cha jikoni kwa mama yake, basi. Kila jioni alikikalia, akikipapasa kama anabembeleza mtoto.

Mjukuu wake, mtu wa kompyuta, akakijenga kile kijiji upya ndani ya mchezo, kwa masimulizi ya bibi mwenyewe. Unavaa miwani kubwa kama kichwa cha ng'ombe, unatembea humo. Bibi akavaa. Hajafika popote, tumbo likapinduka! Alitapika mpaka kuku wa kata nzima wakashiba.

"Bibi, tuache."

"Tuache nini? Mlango wa mama uko pale mbele! Atakayenifikisha bila kutapika, kigoda hiki chake."

Mtaa mzima ukasogea. Kigoda kile!

Nakijwa akaja na birika. "Kunywa, bibi, tumbo lishike adabu." Bibi akanywa, akaenda mpaka mtoni. Hapo kichefuchefu kikamrudia.

"Mnamchemsha bibi wa watu!" Kihiyo akasema, akamwelekezea feni usoni. Bibi akavuka mto, akaingia migombani, kisha dunia ikazunguka.

Mbazi akacheka. "Macho yanasema anatembea, miguu inasema imesimama. Tumbo limwamini nani?" Akatandika mkeka. "Vua ndala, bibi. Mguu ujue ulipo."

"Na kweli," bibi akasema, "kwa mama huingii na viatu."

Tangawizi tumboni, feni usoni, mkeka miguuni, akapita mto, akapita migomba, akauona mlango. Akainama, maana ulikuwa mfupi. "Hodi, mama." Akanyoosha mkono agonge. Ukashika hewa.

Hakutapika. Alilia tu, machozi ya kujaza bwawa la pili.

Mafundi wakaanza. "Tangawizi yangu!" "Feni yangu!" "Mkeka wangu!" Wakaamua kupima kwa kuondoa kimoja kimoja. Bibi hakukataa, kwake kila jaribio lilikuwa safari ya kwao. Bila tangawizi, akatapika. Bila feni, akatapika. Bila mkeka, akatapika vilevile.

Bibi akakipakata kigoda. "Nimeahidi, nitatoa. Semeni tu nimpe nani."

Kigoda hakikatwi vipande, jamani. Haya, nyinyi mnaonitumbulia macho: mngempa yupi? Na mkishampa, jioni bibi akalie nini?