Mvinyo wa Mikono ya Familia

Hispania sijafika na sitafika; magoti haya yananifikisha bombani tu, na kwa kulalamika. Lakini mjane mwenye shamba la zabibu ni yule yule, awe huko au awe hapa kwetu Dodoma. Kwa hiyo nisikilizeni, kina mama, na nyie baba wawili mliojibanza mlangoni.

Huko alikuwapo mama mmoja, mume amekufa, watoto saba wako mijini. Shamba la mizabibu lilitoka kwa babu, na mvinyo waliutengeneza wenyewe pale nyumbani. Mvinyo mweupe, wa kunywa baridi, wenye uchachu ulimini kama embe bichi. Kila chupa ilibandikwa karatasi yenye maneno aliyoyaandika marehemu: "Zabibu hizi zimechumwa kwa mikono ya familia." Mama aliyapenda maneno hayo kuliko picha ya harusi yake.

Sasa nyie mnajua, zabibu hazimngojei mtu. Za mvinyo ule huchumwa zikiwa bado na uchachu. Ziache juani wiki mbili zaidi, sukari inapanda, uchachu unakufa, unabaki na kitu kizito cha kulewesha tu. Na kule mizabibu hutambaa juu ya vichanja, unachuma mikono iko juu. Mmoja anakata, mwingine anakinga kikapu. Si kazi ya mtu mmoja.

Akapiga simu mjini. Mkubwa wao akasema, "Jumamosi, mama, bila kukosa."

Jumamosi mama akapika chungu cha watu wanane, akapanga viti vinane chini ya mizabibu. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Simu ikalia: "Mama, tumebanwa. Jumamosi ijayo." Akala vijiko viwili. Kilichobaki akampa mbwa.

Jirani yake, mzee asiye na mke wala mtoto, alikuwa akiyaona yote kwa juu ya ukuta wa mpaka. Akaja na mkasi na kikapu.

"Mama, hizi zimeshaiva. Mgongo wangu bado unanyooka. Tuanze."

"Chupa zangu umezisoma?"

"Nimezisoma, na nimezinywa."

"Basi. Imeandikwa familia. Wewe ni nani wangu?"

"Niandike mkwe."

"Mkwe kwa binti yupi? Nenda zako na huo mkasi. Watoto wangu wanakuja."

Jumamosi ya pili: chungu, viti, mbwa. Jirani akarudi, akasimama getini. "Nitachuma kimya kimya," akasema. "Hakuna atakayejua." Mama akafunga geti.

Wiki ya tatu zabibu zilianza kupasuka, nyigu wamejaa. Akaingia kuchuma peke yake. Anakata, kichala kinampiga usoni, kinaanguka chini. Nusu ya shamba iliozea pale pale. Nusu akaikamua, akatia kwenye chupa, akabandika karatasi ile ile. Na karatasi haikudanganya, maana hata mikono miwili ni mikono ya familia.

Watoto walikuja Krismasi, wakakaa saa mbili. Mkubwa akaonja, akamwaga kwenye sinki. "Mama, mwaka huu umeharibu. Hauna uchachu." Wakaondoka.

Mama akabaki na chupa mezani. Akaichukua, akaenda nayo hadi ukutani, akaita. Jirani akatokea.

"Hebu niambie," mama akasema. "Zabibu zangu ulizitakia nini wewe?"

"Zabibu?" Mzee akacheka kidogo. "Mama, mimi nilikuwa nasikia harufu ya chungu. Wanaovuna pamoja hula pamoja. Mwaka wa kumi na moja huu nakula nimesimama jikoni."

Mbwa ndiye aliyekula chakula cha mzee yule, Jumamosi mbili, na mama ndiye aliyempa, kwa mkono wake mwenyewe.

Mtasema watoto wale ni wabaya. Ni wabaya, ndiyo, na nani humu hana mmoja wa namna hiyo? Lakini sikuja kuwasema wasiokuwapo. Nawauliza mliopo: wiki hii nani alisimama getini kwako, ukamuuliza wewe ni nani wangu?

Sisi tunalia kwamba nyumba ni kimya. Tunapiga magoti, tunamwomba Mungu atuondolee upweke. Ameshamleta mtu, ana mkasi na kikapu mkononi, sisi tumefunga geti kwa sababu jina lake halipo kwenye karatasi. Halafu tunasema Mungu hasikii. Anasikia! Asiyesikia hodi ni nani?

Tukishasema amina, usikimbilie viatu vyako. Mtazame aliyekaa peke yake pale mwisho wa mkeka. Usimuulize ni wa ukoo gani. Muulize kama amekula, na ukifika naye nyumbani, mpe kiti.