Sufuria ya Kavuthini

Muujiza haushuki, hupakuliwa.

Mmemsikia mama yenu mkubwa akimtupia maneno hayo yule kijana anayelala akingoja bahati, mkacheka, kisha mkauliza yametoka wapi. Mmefanya vizuri kuuliza. Wengi huyatumia bila kujua kwamba yalizaliwa jikoni, tena jiko la Wasikh, na kwamba aliyeyasema wa kwanza alikuwa bado anajifunza Kiswahili. Yalianza namna hii.

Zamani, wakati reli ilipokuwa ndiyo barabara kuu ya nchi, palikuwa na kituo kidogo cha gari la moshi kilichoitwa Kavuthini, katika sehemu kavu za Ukambani. Mafundi wengi wa reli wa hapo walikuwa Wasikh, wale wenye vilemba na ndevu zisizoguswa na wembe, ambao wenyeji waliwaita Makalasinga. Walijenga nyumba yao ya ibada kwa mbao na mabati karibu na stesheni, wakaiita gurdwara, na ubavuni mwake wakajenga jiko. Msidhani jiko hilo lilikuwa nyongeza. Kwa Wasikh, ibada isiyo na jiko ni nusu ya ibada. Mtu yeyote, wa dini yoyote, akifika huvua viatu, hufunika kichwa, huketi mkekani na wenzake na kula bila kutoa hata senti. Mkuu wa stesheni hukaa bega kwa bega na mfagia mabehewa, wala hakuna anayeletewa kiti.

Aliyeitunza nyumba hiyo na kusoma kitabu chao kitakatifu alikuwa mzee Ujagar Singh. Wenyeji walimwita Baba Singa. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu nyeupe kama pamba, na kicheko kilichoanza tumboni. Kabla ya hapo alisimamia ghala la mizigo la stesheni, na Kiswahili chake chote alikiokota humo. Alijua kusukuma, kuvuta, kufunga, kupakia. Basi mgeni akimaliza chapati yake, Baba Singa humwinamia na kumuuliza kwa heshima zote, "Napakia wewe ingine?"

Wanawake wa Kikamba waliokuja kusaidia kusukuma chapati walicheka mpaka unga ukawapanda puani. Nzembi, muuza pojo wa stesheni, ndiye aliyemsahihisha. "Baba Singa, mgeni si behewa. Chakula hakipakiwi. Chakula hupakuliwa."

"Hupakuliwa," akarudia mzee, kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu siku hiyo akawa analitafutia neno hilo nafasi.

Mwaka mmoja mvua ikanyesha kwa hasira. Mto uliokuwa mchanga mtupu ukageuka simba, ukalibeba daraja la reli upande wa bara, na upande wa pwani tuta likamomonyoka. Gari la moshi likanaswa Kavuthini katikati, pamoja na abiria wake wote, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Maduka mawili ya hapo yakamalizika kama mahindi mbele ya nzige. Abiria wakavua viatu, wakafunika vichwa, wakaingia kwa Baba Singa.

Tangu jiko lile liwashwe, hakuna mtu aliyewahi kugeuzwa mlangoni na njaa yake. Hilo ndilo jambo pekee ambalo Baba Singa alilionea fahari, na sasa likawa ndilo analoliogopa. Lakini siku za kwanza hofu yake haikuwa na kazi. Huyu alileta kuni, yule boga, mwingine kibuyu cha maziwa. Nzembi alileta pojo. Abiria wenye vikapu walitoa walichokuwa nacho. Mke wa Baba Singa, Basant Kaur, aliyelitawala jiko kama serikali, alipokea kila kitu bila kuuliza kimetoka kwa nani, akakitia katika sufuria kubwa ya shaba. Watu wakala, wakaimba, wakasahau kwamba wamekwama.

Palikuwa na fundi mmoja wa injini aitwaye Mehnga Singh, mtu mwema lakini mwenye ulimi usiojua breki. Yeye hakuwahi kuingia jikoni; kazi yake ilikuwa kusimama nje na kueleza mambo. Akaanza kuwaambia watu, "Mmeiona sufuria ile? Haina mwisho. Kila ikipungua, inajaa. Ni baraka ya kitabu chetu. Unga unashuka."

Neno hilo likatembea kuliko gari la moshi lenyewe. Kufikia kesho yake lilikuwa limevuka vilima na kurudi limenenepa. Watu wakaja kutoka mbali, na safari hii mikono mitupu. Nani atampelekea boga mtu ambaye Mungu mwenyewe ni mpishi wake? Waliokuwa wakija na kuni wakaja na mabakuli, tena makubwa. Mama mmoja alikwangua masizi ya sufuria akampaka mwanawe kwenye paji la uso. Mzee mmoja alipiga magoti akataka kugusa miguu ya Baba Singa.

Baba Singa alimwinua, lakini tuseme kweli, moyo wake ulipata utamu. Alitembea kutoka hapo mpaka kisimani akiwa amenyoosha kifua. Huko akajiona ndani ya maji, akajiuliza, "Ujagar, wewe ni nani?" Akacheka peke yake, akakirudisha kifua mahali pake.

Maana katika dini yao visa vya maajabu vipo, na akina nyanya huwasimulia wajukuu. Lakini walimu wao wakuu, Maguru, walikataa kutenda maajabu ili watu wapige makofi. Walifundisha kwamba mwenye tamaa ya nguvu za ajabu amemwacha Mungu na kuanza kujitazama mwenyewe. La kutafuta ni kulitaja jina la Mungu, kula jasho lako, na kugawana ulichopata. Baba Singa alikuwa na siri yake moja tu. Alfajiri alipolitaja jina hilo taratibu, pamoja na pumzi, palikuja utulivu ambao hakuweza kuueleza, kana kwamba kuta za mabati zimeondolewa na yeye amebaki mahali penye nafasi. Hakumsimulia mtu. Hiyo haikuwa bidhaa ya kutangaza stesheni.

Asubuhi moja Basant Kaur akamfuata na gunia mkononi, akaligeuza juu chini mbele yake. Likatoa vumbi. "Hili lilikuwa la mwisho," akasema kwa Kipunjabi. "Pojo imekwisha. Tangu huyo Mehnga atangaze muujiza, hakuna aliyeleta hata kitunguu."

Mehnga Singh alikuwa karibu, akasikia, uso ukambadilika. "Tutaaibika," akasema. "Tuifunike sufuria kwa kitambaa cheupe. Tuseme leo inapumzika. Mimi nitachukua kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, vijana wanivushie palipomomonyoka, nikaazime unga kituo kinachofuata. Tuuingize kwa mlango wa nyuma, na jina letu litabaki."

"Unataka niwadanganye watu walioketi chini ya paa la Guru?"

"Nataka wasituone maskini. Hata Guru wetu wa kwanza alisimamisha kwa mkono jiwe lililokuwa likimporomokea kutoka mlimani, si ndivyo tulivyosimuliwa?"

"Ndivyo," akasema Baba Singa. "Alilisimamisha ili kukomesha kiburi cha mtu aliyelisukuma. Wewe unataka kulisimamisha ili kuanzisha chako."

Basant Kaur akageuza uso ili Mehnga asimwone akitabasamu.

Baba Singa akaingia kusali. Akaomba unga. Aliomba sana, akauona kwa macho ya moyo ukishuka kama mvua nyeupe, lakini ule utulivu wake haukuja. Ndipo akashtuka: hata yeye ameketi na bakuli, anangoja kushushiwa. Akaacha kuomba unga. Akalitaja jina la Mungu tu. Utulivu ukaja, na unga haukuja, akainuka akiwa mwepesi.

Adhuhuri uwanja ulijaa. Watu walikaa kwa safu, vichwa vimefunikwa, macho kwenye sufuria. Baba Singa akaishika masikio mawili, akaiinamisha ili wote waone ndani. Ilikuwa imesuguliwa, inang'aa, haina kitu.

Mtoto mmoja akaulizia chapati, akanyamazishwa. Nzembi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Baba Singa, sisi tumekuja mapema. Huo muujiza hushuka saa ngapi?"

Mzee akatafuta maneno. Moyoni alikuwa nayo mengi. Alitaka kusema kwamba kilichoijaza sufuria siku zile ni mikono yao wenyewe, boga la huyu na kuni za yule, na kwamba Mungu hakuwa juu ya mabati akimimina, bali alikuwa safuni, katika mkono unaotoa na mkono unaopokea. Lakini angeyatia wapi yote hayo, katika Kiswahili cha ghala? Akalikumbuka neno lake la zawadi, akaushika upawa, akauinua juu.

"Mama," akasema, "muujiza hapana shuka. Muujiza napakuliwa."

Wanawake wakatazamana. Lakini kwenye safu ya nyuma waliketi wapagazi wa stesheni pamoja na mnyapara wao, Musembi, ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi chini ya mzee huyu. Masikioni mwa Musembi, kupakua ni kushusha mizigo; mkubwa wake wa zamani akisema kitu kinapakuliwa, hiyo ni amri ya kazi, na kitu hicho kimo ndani ya behewa. Akasimama, akajifuta magoti.

"Vijana, mmesikia. Twendeni tukapakue."

Wakaenda mbio mpaka stesheni, wakasimama mbele ya gari lililokwama bila kujua behewa gani. Kwenye kivuli cha behewa moja la mizigo aliketi Bi Mwanatumu, mfanyabiashara mnene wa Mombasa, akijipepea kwa kipepeo cha ukili. Alikuwa na magunia ya mchele anayapeleka bara, kwenye harusi ya binti wa nduguye. Tangu akwame alikuwa akila kwa Baba Singa kila siku, akisifu chapati na kulalamika kwamba dengu haina ukwaju. Siku hiyo alichelewa kwa sababu ya joto.

"Shikamoo, Bibi," akasema Musembi. "Tumetumwa kupakua muujiza. Hujui uko behewa gani?"

"Kupakua nini?"

"Muujiza. Baba Singa amesema haushuki, unapakuliwa. Sufuria ni tupu na watu wamekaa."

Bi Mwanatumu akaacha kujipepea. "Tupu? Hata ukoko?"

"Hata ukoko, Bibi."

Akamtazama Musembi, akawatazama vijana waliojipanga, mikono tayari, nyuso za watu wanaoamini kabisa kwamba mzigo upo. Akatazama mlango wa behewa alioegemea. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Ewe Mola," akasema, "mimi nimepakia mchele Mombasa kwa mikono yangu, nimeulipia nauli, nimeulalia kama kuku. Kumbe nilikuwa nalalia muujiza na siambiwi." Akanyanyuka kwa taabu. "Haya, fungueni. Harusi itaningoja, wale wa huko hawajafa njaa. Na nazi zimo kapuni, msizivunje njiani. Mwambieni mke wa huyo mzee leo wali naupika mimi."

Waliporudi uwanjani, magunia mabegani, Bi Mwanatumu mbele kama bibi harusi mwenyewe, Baba Singa alidhani anaota. Musembi akatua gunia miguuni pake, akasema, "Tumeupakua, Baba. Kuna mwingine tuufuate?"

Baba Singa hakuelewa mpaka Nzembi alipomweleza, polepole, huku machozi ya kicheko yakimtoka. Naye alipoelewa, kicheko chake kikaanza tumboni, kikapanda, uwanja mzima ukacheka. Katikati ya kicheko hicho Nzembi akanyamaza ghafla.

"Lakini jamani," akawaambia wenzake, "mimi nina mtungi wa pojo nyumbani. Nami nimekuja na bakuli."

Mmoja akainuka, akafunga leso kiunoni, akaondoka kwa haraka. Mwingine akafuata. Muda si muda walikuwa wakirudi kwa mstari, na mboga, na kuni, na maboga, na yule mzee aliyetaka kugusa miguu ya watu akaja na mbuzi wa maziwa akimburuta kwa kamba. Basant Kaur akavipokea vyote bila kuuliza vimetoka kwa nani. Mbuzi akakamuliwa, akarudishwa kwa mwenyewe.

Siku hiyo wali wa nazi wa Mombasa na pojo ya Ukambani na chapati ya Punjabi vililiwa pamoja, na ukwaju ulipatikana.

Mehnga Singh alisimama nje kama kawaida yake, uso umemrudia. "Mnaona?" akasema. "Nilisema mimi. Saa moja iliyopita ilikuwa tupu, sasa inafurika. Kama huu si muujiza, basi ni nini?"

Wote wakadhani Baba Singa atabisha. Hakubisha. "Ni muujiza, ndugu yangu," akasema. "Lakini safu ile ya mwisho bado haijauonja."

Basant Kaur akautoa upawa sufuriani, akaufuta, akauweka mkononi mwa fundi. Mehnga akautazama kama chombo cha kazi asiyoijua. Kisha akavua viatu vyake, akaijaza ndoo, akainama kwa mtu wa kwanza kwenye safu, mfagia mabehewa, akampakulia. Alipofika mwisho wa safu jasho lilimtiririka ndevuni, na alikuwa amenyamaza. Wenzake walisema hawajawahi kumwona na furaha namna ile.

Sufuria haikuwa tupu tena mpaka daraja lilipotengenezwa na gari likaondoka likipiga king'ora. Abiria waliyachukua yale maneno kwenda nayo bara na pwani, na midomo ya watu ikayasugua hadi sarufi yake ikanyooka. Lakini maana yake ni ile ile ya mzee aliyesimama na upawa juu, akitafuta namna ya kusema. Basi ukimkuta mtu ameketi na bakuli anatazama mbinguni, usimcheke sana. Mpe upawa, umwambie: muujiza haushuki, hupakuliwa.