Dereva Aliyedhani Mguu Wake Umeisha

Huyu mtu, ndugu zangu, sitamtaja jina, maana nikimtaja mtaanza kugeuka kumtafuta kwenye mabenchi humu kanisani. Jueni tu kwamba alikuwa dereva wa gari la zahanati huko milimani, na kazi yake ilikuwa kuteremsha wagonjwa na akina mama wa uzazi mpaka hospitali kubwa ya bondeni. Mteremko wenyewe mnaujua ulivyo. Upande huu ukuta wa mlima, upande ule Mungu mwenyewe anajua.

Miaka kumi na tisa hakuwahi kumtikisa mgonjwa. Akigusa breki, gari linatulia kama mtoto aliyeshiba. Watu wakambandika jina, Mguu Laini. Na sifa, jamani, ni tamu! Mtu akishuka na kusema, "Asante baba, una mguu," yeye hujipiga paja, pah! na kujibu, "Mguu huu, mama. Mguu huu."

Basi siku moja breki ikaanza kuwa ngumu. Kesho yake ikazidi. Wiki ya tatu alikuwa kama anakanyaga gogo. Mngedhani atasema gari lina shida, sivyo? Thubutu! Mtu aliyesifiwa mguu miaka kumi na tisa, mambo yakiharibika atashuku nini? Atashuku mguu. Akasema moyoni, "Uzee umeingia." Kila asubuhi akawa anauchua kwa mafuta ya karafuu, na mkewe akiuliza, anasema ni baridi tu. Akanywa supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe, mpaka muuzaji akamzoea. Hakumwambia mtu. Angemwambiaje, na jina lake ndilo hilo?

Mpaka siku aliyombeba binti mmoja aliyeshikwa na uchungu. Kwenye kona ya tatu, ng'ombe wamejaa barabarani. Akakanyaga, gari likazidi kwenda. Akaweka miguu yote miwili, akanyanyuka kwenye kiti, akaita jina la Yesu, na gari likasimama pua imegusa ubavu wa ng'ombe. Binti alifika na akajifungua salama. Semeni amina, mbona mmenyamaza? Lakini dereva alikaa nje kwenye kiukuta cha hospitali, akalia. Kisha akamwomba nesi karatasi, akaandika: "Naomba kuacha kazi. Mguu wangu umeisha." Akaikunja, akaitia mfukoni.

Jirani na hospitali kulikuwa na gereji ya mama mmoja mjane, aliyejifunza ufundi kwa marehemu mumewe. Dereva akaenda pale.

"Shikamoo, mama. Nitafutie mtu wa kunirudishia gari mlimani. Mimi mguu umeisha."

"Marahaba. Umeisha umekwenda wapi, baba? Si umekuja hapa unatembea?"

Akamweleza yote, mpaka habari za kongoro. Yule mama hakucheka, ingawa mimi ningecheka. Akamwambia, "Hebu kaa kwenye kiti. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano, sita. Ya mwisho ishikilie hapohapo. Sasa washa. Pedali imeshuka kidogo chini ya mguu wako?"

"Haijashuka. Imekaa vilevile."

"Ahaa. Acha injini iungurume, njoo usikilize."

Akafungua boneti. Wakainama wote wawili. Sssss. Mama akapeleka vidole chini ya mpira mmoja mweusi, mnene kama kidole gumba, akaugeuza kidogo. Kwa juu mzima kabisa. Kwa chini, pale ulipokuwa ukisuguana na chuma, umepasuka.

"Tazama, baba. Injini inavuta pumzi. Mpira huu unaupeleka mvuto ule kwenye bakuli hili la chuma, busta. Wewe ukigusa pedali, busta inasukuma pamoja nawe. Sasa mpira umepasuka, mvuto haufiki. Siku zote hizi umekuwa ukisimamisha gari peke yako. Mguu wako una kosa gani? Maskini, umefanya kazi ya wawili."

Akaweka mpira mpya, akaukaza vizuri pande zote mbili. Wakarudia jaribio lile. Kanyaga, kanyaga, shikilia, washa. Pedali ikazama polepole chini ya unyayo.

"Umerudi!" dereva akapiga kelele. "Mama, mguu wangu umerudi!"

"Mguu haukwenda popote, baba. Aliyerudi ni mwenzako."

Miaka kumi na tisa ya pah! kwenye paja ikampitia kichwani, mmoja baada ya mwingine. Akatoa ile barua mfukoni, akampa fundi afutie grisi mikononi.

Juma lililofuata alimteremsha bibi mmoja mgonjwa. Bibi akashuka taratibu, akasema, "Asante, mwanangu. Una mguu." Mkono ukainuka kwenda kwenye paja kwa mazoea, ukaishia hewani. Akasema, "Mimi nagusa tu, bibi. Kuna anayenisaidia."

Sasa sisi. Tumelea watoto wakasimama, tumezika wazazi wetu kwa heshima, ndoa zetu zimepita kona mbaya na hazikuanguka, kisha tunajipiga paja. Mguu huu! Wewe, mguu gani? Unajua uzito wa gari ulilokuwa unalisimamisha?

Na wewe uliyekaa pale nyuma na barua mfukoni, uliyekwisha kuandika kwamba umeisha. Nakuona. Acha kujichua. Huna ubaya wowote, ila umekuwa peke yako mno. Lini mara ya mwisho ulinyamaza ukasikiliza ni wapi panapovuja? Ule mpira haukupasukia juu, ulipasukia pale pasipoonekana, na aliyeupata ni aliyekubali kuinama. Basi tuiname. Tumshukuru aliyekuwa akisukuma pamoja nasi tangu siku zile tulipodhani ni nguvu zetu.

Na hizo barua zenu, pitisheni mbele hapa. Tutafutia mikono.