Bomba Lililolia Tupu

Ndugu yangu, hii imenifikia leo asubuhi, na nilipomaliza kuisoma nilitoka nje kuukagua mtungi wangu wa gesi kabla sijanywa hata chai. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayejifanya fundi wa kila kitu, mtumie yeye kwanza.

Mwalimu mmoja mstaafu, Singano, alihamia na mkewe, Bi. Mwanahamisi, katika nyumba iliyojengwa na mtu mwingine. Kwenye ukuta wa jikoni yalipita mabomba mawili ya chuma, yote yamepakwa rangi nyeupe. Moja lilikuwa la maji, la zamani, halitumiki tena. La pili lilileta gesi kutoka kwenye mtungi uliokaa nje. Mwalimu alitaka kulikata lile la maji apate nafasi ya kabati.

Sasa, lipi ni lipi? Kuuliza si ujinga, na yeye mwenyewe aliwafundisha watoto wa watu hivyo, lakini hakuuliza. Alichukua kijiko akayagonga. Moja likalia zito, jingine likalia tupu. Zito lina kitu ndani, akasema, basi ndilo la gesi. Tupu ndilo la kukata. Miaka thelathini alisomesha hesabu, nani wa kumbishia?

Akaenda kwa jirani yake, Fundi Kaniki, mzee aliyefanya kazi ya mabomba tangu ujana wake. Alitaka kuazima grainda, ile mashine ya umeme inayokata chuma huku ikipiga kelele na kurusha cheche. Fundi akamuuliza bomba lenyewe lina nini ndani.

"Halina kitu. Nimeligonga, ni tupu."

Fundi akaingia ndani na kutoka na msumeno wa kukatia chuma, ule wa mkono.

"Chukua huu, Mwalimu. Ukichoka, simama. Ukisimama, sikiliza."

Mwalimu alirudi amenuna. Grainda aliiona kwa macho yake imetundikwa ukutani, kwa hiyo njia nzima alinung'unika kwamba Kaniki ni mchoyo tu.

Bi. Mwanahamisi naye hakuipenda kazi ile. Tangu asubuhi moyo ulikuwa unamwenda mbio bila sababu, na alimsihi mumewe amwite fundi aje mwenyewe. Mwalimu akamwambia asimletee woga wake, akapike uani. Basi akaenda kuwasha jiko la mkaa. Mjukuu wao wa miezi minane, Mwanaisha, alikuwa amelala chumba kinachofuata, ukuta mmoja na jikoni.

Mwalimu akaanza kukata. Chuma kilikuwa kigumu, jasho likamtoka, mkono ukamuuma. Akasimama apumue.

Ndipo akasikia. Sauti nyembamba, sss, kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze. Ilikuwa ndogo mno, na kama angekuwa bado anakata asingeisikia. Kisha harufu ikampanda puani.

Akageuka kutazama mlango. Na wakati uleule manyunyu yalianza kudondoka nje, akamwona mkewe anakuja mlangoni amelibeba lile jiko, makaa mekundu yamewaka vizuri, analiingiza ndani lisilowe.

Akauachia msumeno. Zilibaki hatua tano. Zikabaki tatu. Mwalimu akatoka mbio, akalishika jiko kwa mikono mitupu na kukimbia nalo mvuani mpaka mwisho wa ua. Viganja viliungua wala hakuhisi. Akaufunga mtungi. Bi. Mwanahamisi alikuwa ameshanusa na kuelewa. Alimtoa mtoto kwa mlango wa mbele, akaketi naye kando ya barabara.

Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba lile bomba lililolia zito lilikuwa na maji ya zamani yaliyotuama ndani. Bomba la gesi, ndugu yangu, ukiligonga hulia tupu.

Jioni Mwalimu alirudisha msumeno, mikono imefungwa vitambaa. Alimsimulia fundi yote, hata ile habari ya kumwita mchoyo, kisha akamuuliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Fundi, ulijuaje kama lile ni bomba la gesi?"

"Sikujua, Mwalimu. Ndiyo maana nikakupa msumeno."

Mwalimu hakuamini. Akasema mtu wa uzoefu kama yeye lazima ana namna ya kujua, hata kwa kugonga tu.  Fundi Kaniki alipandisha taratibu mkono mmoja wa shati lake la mikono mirefu, lile analolivaa hata wakati wa joto kali. Ngozi yote ilikuwa imekunjamana kwa moto, kuanzia kiganjani hadi begani.

"Niliwahi kujua siku moja tu," akasema. "Siku hiyo nilichukua grainda."

Funzo: Usipokuwa na hakika na kilichomo ndani, usichague kifaa kinachokata upesi, chagua kile kitakachokuacha usikie kwamba umekosea, ungali na nafasi ya kusimama.