Foleni Isiyo na Mwanzo Katika Meli ya Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa meli!

Kubwa kama nini?

— Kubwa ya kupoteza watu!

Basi njoo, hadithi. Leo usije na utamu peke yake, njoo na hasira zako, maana hii hata msimulizi akiikumbuka hushika tasbihi kwanza ndipo afungue mdomo.

Hapo kale palikuwa na Kiboko, mwenye tumbo mbele na tumbo nyuma. Kiboko huyu aliunda meli. Ghorofa juu ya ghorofa, ghorofa kumi na nne, mpaka ndege wakawa wanaigonga wakidhani ni kilima. Akaileta ufukweni mwa ziwa, akapiga honi, vuuuuu! Akatangaza:

"Likizo! Likizo! Meli kubwa, raha kubwa!"

Sasa katika majabali ya ufuko ule alikaa Pimbi, mfupi asiye na mkia, na mkewe Mama Sikitu, na mama mkwe wake, Bibi Tunu. Bibi Tunu alizaliwa Kisiwa cha Majabali, katikati ya ziwa, na huko ndiko alikozikwa mama yake. Miaka arobaini hakuwa amelizuru kaburi lile. Magoti yake yalikuwa yamechoka, macho yameingia ukungu, na mwezi wa Shaabani ulikuwa umebakiza siku kumi.

"Mwanangu," alimwambia Pimbi, "nipeleke nikamng'olee mama magugu kabla ya Ramadhani. Hii ndiyo ninayoiona. Ya mwakani siijui."

Na mrashi wake alikwisha kuujaza marashi ya kunyunyiza kaburini, ameufunga kwenye upindo wa kanga.

Kwenda kisiwani kulikuwa na kimashua cha Bata. Watu wanane, unakaa umekunja magoti, adhuhuri umefika. Lakini Pimbi, Mungu amsamehe, alikuwa na kiburi. Alitaka majirani wamwone.

"Baba Sikitu," mkewe akamwambia, "Bata si anakwenda kila siku?"

"Bata? Mama yangu nimpakie kwa Bata kama gunia la dagaa? Meli kubwa, raha kubwa!"

Akamwendea Kiboko, akamuuliza, "Kisiwa cha Majabali mnasimama?"

"Tunasimama siku ya tatu," Kiboko akajibu, akimtazama Bibi Tunu kwa huruma za mdomoni. "Bibi atashuka kama malkia."

Pimbi akatoa mtama wa ghala zima, nauli ya watu watatu. Wakapanda.

Ee, ndugu zangu! Wakapelekwa chini, na chini ya chini, na chini ya hiyo chini, wakapewa chumba kisicho na dirisha. Ukutani pamechorwa dirisha, na ndani ya dirisha pamechorwa ziwa. Bibi Tunu mwenye macho ya ukungu akakaa mbele yake, akasema, "Mbona mawimbi ya huku hayatikisiki?"

Pimbi akamtandikia mama kitanda.

Asubuhi wakaenda kunywa uji. Foleni! Wanyama elfu tatu, kila mmoja na sahani yake. Wakasogea, tapu, tapu, tapu. Walipofika mbele wakaambiwa uji umekwisha, pangeni ya wali. Wakapanga ya wali, tapu, tapu, tapu. Walipofika mbele wakaambiwa wali umekwisha, pangeni ya chai. Na bwawa la kuogea? Lilikuwepo, lakini ndani yake amelala Kiboko, na maji yote yamemwagika nje, chubwi! Kubaki palibaki matope.

Hebu niambieni, huo ni ustaarabu? Ziwa zima liko pale nje, na watu wamepanga foleni kungojea matope!

Na siri ni hii. Foleni ikiwa ndefu, wengi hukata tamaa wakaenda kulala na njaa. Vyakula vyao nani alivila? Kiboko. Ndiyo maana meli ilikuwa kubwa. Haikuwa kubwa kwa ajili ya raha ya mtu.

Na wasafiri wenyewe, baada ya siku mbili, walikwisha kuharibika akili. Mtu akiona wawili wamesimama, anasimama wa tatu.

"Foleni ya nini?"

"Sijui, lakini ni ndefu."

"Ikiwa ndefu, ina kitu."

Siku ya tatu, asubuhi, honi ikalia, vuuuuu! Kisiwa cha Majabali hicho hapo. Bibi Tunu alikwisha kutawadha tangu alfajiri, amejifunga kanga mpya. Wakapanda ngazi mia moja na tisini, Pimbi amembeba mgongoni, naye mfupi vile, mpaka kwenye mlango mdogo wa kushukia, ndio huo mmoja tu meli nzima. Mlangoni amejilaza Kiboko.

"Tupishe, bwana. Tumefika," Pimbi akasema.

"Mmefika wapi? Meli hii itagusa gati lile la mawe? Litapasuka, pwaa! Kisiwa kinatazamwa kutoka hapa. Tazameni haraka, tunaondoka alasiri."

"Ulituambia tutashuka!"

"Niliwaambia tutasimama. Si tumesimama?"

"Basi tumwite Bata aje na kimashua chake. Mama anataka kuzuru kaburi, saa moja tu."

Kiboko akacheka mpaka meno yakaonekana hadi ya mwisho. "Mtu akishuka atakula kwa watu. Mmekuja kula kwangu. Bibi, si unakiona? Hicho kisiwa. Msalimie mama yako kwa mkono."

Bibi Tunu akakodoa macho. Hakuona kitu ila ukungu. Akainua mkono hata hivyo, akapunga, upande ambao kisiwa hakikuwepo.

Hapo ndipo hasira zilipompanda Pimbi. Zilimwanzia kwenye kucha, zikapita tumboni, zikafika menoni, kriii, kriii. Alitaka kumng'ata Kiboko puani. Lakini Pimbi mmoja kwa Kiboko mmoja ni kiroboto. Akasema "Astaghfirullahi" mara tatu, akamshika mkewe mkono.

"Mama Sikitu, mkalishe mama nyuma ya yale mapipa karibu na mlango. Ukimwona Bata anapita, mpungie kanga. Nikija, tunashuka."

"Kiboko je?"

"Kiboko nitamwita mbele ya Mungu nikishindwa. Kwanza nimwite kwenye foleni."

Juu kabisa ya meli palikuwa na ujia unaoizunguka meli nzima, mrefu hata aliye mkiani haoni aliye kichwani. Pimbi akachukua sahani. Akaenda akasimama kando ya ukuta mtupu, kimya, kama mtu anayengoja kitu.

Akaja Mbuni. "Mzee, foleni ya nini?"

Pimbi akaweka kidole mdomoni. "Sss!"

"Aa! Ni ya siri!" Mbuni akakimbilia sahani, akasimama nyuma yake. Akaja Ngiri.

"Foleni ya nini, dada?"

"Sijui, lakini ni ya siri."

"Ikiwa ya siri, ina nyama." Akasimama. Wakaja Fisi, wakaja Nyani, wakaja Nyumbu na ukoo wao. Sahani, kengere, kengere, kengere! Foleni ikaenda, ikapinda kona, ikapinda kona ya pili, ikazunguka meli yote, hata wa mwisho, Kakakuona, akatokea upande wa pili akasimama mbele ya Pimbi, amempa mgongo. Pimbi akachomoka polepole. Mbuni akauona mgongo wa Kakakuona mbele yake, akasema, "Ahaa, imesogea!" Akasogea. Ngiri akasogea. Nyumbu wakasogea. Kakakuona naye akaona mbele yake wanasogea, akasogea. Tapu, tapu, tapu, duara zima, hakuna wa kwanza wala wa mwisho.

Pimbi akashuka mbio kwa Kiboko. "Bwana mkubwa, mimi sili. Nimekuja kuuliza tu: foleni ya juu ni ya nini?"

"Foleni gani?"

"Sijui, lakini ni ndefu."

Kiboko akafungua jicho moja. Sahani zikasikika juu, kengere, kengere. Akafungua la pili. "Chakula gani kinagawiwa bila mimi?"

"Wasafiri wamekaa kimya, bwana. Wamewahi."

Kiboko akainuka, meli ikalala upande. Gidi, gidi, gidi! Ngazi zikalia. Akafika juu, akaanza kuwasukuma watu. "Nipisheni! Mwenye meli hapangi foleni! Mbele ni wapi?"

"Mbele ni mbele!" wakamjibu.

Gidi, gidi, gidi! Akapinda kona. "Mbele ni wapi?"

"Mbele ni mbele! Na usiruke foleni, mwizi wee!"

Siku tatu za njaa zikatoka midomoni mwao zote. Mmoja akampiga na sahani, paa! Kiboko hakujali. Alikimbia, tumbo mbele na tumbo nyuma, akitafuta mwanzo wa foleni ndani ya meli aliyoiunda yeye mwenyewe.

Huku chini kanga ilikwisha kupungwa, na Bata alikuwa chini ya mlango. "Kwani mzee hukusema mimi wa kubeba dagaa?" akamuuliza Pimbi aliposhuka, maana maneno ya ufukweni hayakai.

"Nilisema, ndugu yangu. Nilikosea. Tubebe."

Bata akacheka, akampokea Bibi Tunu kwa mikono miwili. Wakakunja magoti. Hata adhuhuri haikuingia, wamefika.

Bibi Tunu hakuongozwa na mtu. Alipokanyaga jabali la kwanza tu, miguu ikakumbuka yenyewe. Akalifikia kaburi, akaling'olea magugu kwa mkono wake, moja moja, akaunyunyiza mrashi mpaka tone la mwisho. Pimbi akapiga magoti pembeni.

"Mama, nisamehe. Sikukupandisha meli kwa ajili yako. Nilitaka watu wanione. Na pale juu sikusema uongo, lakini kunyamaza kwangu kulikuwa uongo mtupu."

Bibi Tunu akapangusa udongo mikononi. "Na mimi, mwanangu, nilimpungia jirani kanga yangu mpya tukiondoka. Tuombeane." Kisha akageuza sikio ziwani. "Nani yule anapiga kelele?"

Kwa mbali, juu ya maji, sauti ilikuwa inasema: "Mbele ni waaapi?"

Wanasema Kiboko alizunguka mpaka akaanguka ziwani, chubwi! Na hadi leo mkimwona amezama majini, macho tu ndiyo yako juu, jueni anaangaza huku na huku. Anatafuta mwanzo wa foleni.

Na funzo lake? Funzo ni kwamba meli ikizidi ukubwa, ndipo likizo inapozidi uzuri. Ingekuwa ndogo, Kiboko angeiona foleni yote kwa jicho moja, na Bibi Tunu asingefika kwa mama yake. Basi tafuteni meli kubwa kuliko zote, toeni mtama wa ghala zima, halafu mwombeni Mungu mshuke mapema.

Hadithi imeshuka, ngazi imepandishwa. Iliyo tamu shukeni nayo. Iliyo chungu niachieni, nimeizoea.