Kioo cha Sekela

Ukiiba kioo, kazi imebaki sandukuni. Wadogo wa kidato cha kwanza huisikia methali hii bwenini, wakauliza ilikotoka. Sisi wazee wa kidato cha sita, tuliojaliwa hekima na ndevu chache, huwajibu kwamba methali hii ilianza hivi.

Alikuwapo hapa shuleni Mhando, ambaye wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwalimu Nyakunga alikuwa ametoa mradi: kila kundi litengeneze programu ya kutafutia vitabu vya maktaba, na kundi bora liende kwenye maonyesho ya mkoa. Mhando aliyataka maonyesho hayo kuliko wali wa Jumapili. Lakini Sekela aliligawia kundi lake kazi, kila mtu na sehemu yake na siku ya kuimaliza, na mradi ukasonga. Kundi la Mhando lilikuwa na viongozi watano, mfanyakazi hakuna.

Mwalimu alipofundisha sehemu za kompyuta, Mhando hakusikia neno. Alikuwa akimtazama Sekela anavyosifiwa. Kila jioni aliiona kazi ya Sekela iking'aa kwenye kioo cha kompyuta, akaamini imo humo humo.

Siku ya ukaguzi, wenzake walipokwenda kula maharage, alichomoa kioo cha Sekela akakiunganisha na sanduku la kompyuta yake. Chake akakiweka kwa Sekela. Kisha akaenda kula, ametulia kama mtu mwenye haki.

Mkuu wa shule, Mama Kihwelo, alianzia kwa Mhando. Kompyuta ikawaka, ikaonyesha folda moja, "Mradi wa Mhando". Akaifungua. Tupu.

"Bado inaamka, mama," alisema Mhando.

"Haya, ilale kwanza."

Wakahamia kwa Sekela.

"Mwalimu, kioo hiki si chetu," alisema Sekela.

"Kioo huonyesha tu. Washa," alijibu Mwalimu Nyakunga.

Vitabu vyote vya maktaba vikajitokeza.

"Imerudije huku?" Mhando aliropoka.



"Nini kimerudi, kaka?" Sekela aliuliza kwa upole.

Mhando akatazama viatu vyake. Mama Kihwelo akamtazama Mhando, akavitazama vioo viwili, akamwuliza Sekela adhabu gani inafaa.

"Asiadhibiwe, mama. Tunakwenda maonyesho na kundi langu halina mbeba kioo. Yeye ana uzoefu."

Basi Mhando alifika kwenye maonyesho aliyoyatamani, kioo kifuani, akitembea nyuma ya Sekela aliyebeba sanduku. Ndiyo maana tunasema: ukiiba kioo, kazi imebaki sandukuni.