Mbuzi wa Mabega ya Sikudhani

Hapo zamani, pande za Uzaramo, mbuzi mmoja mwekundu alikuwa anavutwa na watu watatu, na mwenye mbuzi kasimama katikati yao.

"Achia kamba," alisema Bi Kidawa.

"Achia wewe," alisema Maganga.

"Mbuzi wangu mtamvunja shingo," alisema Havijawa.

"Wako tangu lini?" wakauliza wale wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilopatana siku ile.

Mwenye mbuzi aliitwa Sikudhani, mfinyanzi, mtu asiyejua kuzungusha maneno. Akikwambia chungu hiki kina ufa, kina ufa. Akisema nitakupa, anakupa. Naye alikuwa amesema kisimani, mbele ya watu: "Atakayeyashusha mabega yangu, mbuzi huyu ni wake." Akanyamaza hapo hapo. Laiti angeongeza maneno mawili matatu.

Sasa sikilizeni mabega yalivyopanda.

Udongo ulimtii Sikudhani, na sifa zikatembea. Huyu anataka mtungi wa maji, yule chungu cha kupikia harusini, mwingine chetezo cha kufukizia ubani. Kila aliyekuja alipiga hodi, na hodi haijaisha Sikudhani keshasema "Karibu," na mgeni hajakaa keshaambiwa "Haya, nitakufinyangia." Na kila hodi ilipolia, mabega yake yalipanda kidogo. Yakapanda, yakapanda, mpaka hereni zikawa zinalala juu yake kama kuku kichanjani. Shingo haigeuki, akiitwa anageuka mwili mzima, kama mlango. Chakula hakipiti. Mtoto akicheka, anakaripiwa. Jogoo akiwika, anatupiwa kata. Na lililomuuma kuliko yote, mikono ilikakamaa, udongo nao ukakataa, vyungu vikawa vinapasuka motoni, pa, pa, pa. Mfinyanzi anayefinyanga vigae atakula nini? Ndipo akaitoa ile ahadi ya kisimani.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Kidawa, mkandaji, na mafuta yake ya ufuta.

"Lala kifudifudi, usinisimulie kitu."

Akamkanda shingo, akamkanda mgongo. Akikuta fundo analiuliza, "Na wewe umetoka wapi?" kisha analivunja. Mabega yakashuka. Sikudhani akageuza shingo, akauona mpapai wake nyuma ya nyumba; alikuwa amekwisha kuusahau. Asubuhi ikalia hodi. Mabega yakarudi juu.

Akaja Maganga, Mnyamwezi, mtani wake. Mtani mnamjua: anakutukana mchana kweupe na huna ruhusa ya kukasirika.

"Mzaramo, habari za huko juu? Mvua inanyesha?"

"Toka uani kwangu."

"Natoka. Nimepita tu kuazima shingo, naona wewe huitumii."

Sikudhani alinyanyua mwiko ampige, mkono ukafika hewani, kicheko kikamshinda. Alicheka mpaka akakalia chungu kibichi, akakiponda, akacheka upya kwa kukiponda. Mabega yalitikisika, yakashuka. Mchana akala ugali akaomba wa pili. Kesho yake, hodi. Yakapanda tena.

Wa tatu alikuwa Havijawa, jirani yake, na ungo wa choroko. Hakumgusa. Hakumchekesha. Alikaa mkekani kutwa nzima akichambua choroko na kutazama. Jioni akauliza:

"Shoga, hodi ni ngapi?"

"Tatu. Nani asiyejua?"

"Mbona wewe unaitikia ya kwanza?"

Sikudhani akaupangusa udongo mikononi. Kisha akasema, "Nitaonekana sina adabu."

"Adabu ni kuitikia. Nani amekuagiza uitikie mbio? Hodi ya kwanza, maliza mdomo wa chungu chako. Ya pili, shusha pumzi. Ya tatu, sema karibu. Na mtu akikuagiza chungu, acha hiyo haya-haya yako. Mwambie mikono imejaa, aje mwezi ujao."

"Atakasirika."

"Jaribu tumwone akikasirika."

Kesho yake ikalia hodi. Sikudhani akalainisha mdomo wa chungu. Ikalia ya pili. Akashusha pumzi mpaka ya mwisho. Ya tatu akasema karibu. Mgeni akaagiza mtungi, akaambiwa mwezi ujao. Yule mgeni akasema, "Mwezi ujao? Haya," akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Hakufa mtu. Mabega yakashuka, safari hii yakakaa. Udongo ukalainika. Vyungu vikatoka motoni vizima, ukivigonga kwa kidole vinalia kama kengele.

Basi, ndiyo hiyo siku ya kuvutana kamba.

Bi Kidawa alisema: "Wa kwanza kuyashusha ni mimi. Neno lilikuwa 'atakayeyashusha'. Nani alisikia 'yakae chini'? Nimeshusha, nalipwa."

Maganga alisema: "Wewe ulishusha nyama. Mimi nilimfungua kinywa. Mtu aliyekuwa anarusha kata, bila kicheko changu angekaa kusikiliza habari za hodi? Havijawa angekula kata na choroko zake."

Havijawa alisema: "Ya kwenu yalilala, yakaamka. Yangu yamekaa. Mtu haiti nyumba imeezekwa na bado inavuja."

"Mwongo," alisema Bi Kidawa.

"Mwongo mwenyewe na mafuta yako."

Kelele zikapanda, na mabega ya Sikudhani nayo yakapanda. Hereni zikagusa bega.

Bi Kidawa akanyoosha kidole. "Haya, Havijawa. Yako ndiyo hayo yaliyokaa?"

Maganga akamtazama mbuzi, akamtazama Sikudhani, akaitupa kamba chini.

"Simtaki tena. Mbuzi mwenyewe ana uso wa Kizaramo, akilia usiku nitadhani mmekuja kuniomba chumvi."

Sikudhani akaangua kicheko, na mabega, pu, yakashuka.

"Mmoja kajitoa," alisema Bi Kidawa akiiokota kamba. "Mmesikia wote."

"Kajitoa nani?" alisema Maganga. "Mimi ni mtani. Nilikuwa natania. Na angalieni mabega yako wapi sasa, na nani kayashusha mara ya mwisho."

Havijawa akasema, "Mgawe basi, tumalize."

"Nilisema mbuzi, sikusema nyama," alijibu Sikudhani. "Na nilisema ni wake, sikusema ni wao. Neno langu sijalivunja tangu nizaliwe, na mbuzi huyu hatalala kwangu leo." Akainyakua kamba kwa Bi Kidawa.

Ameishika. Upande huu yupo aliyeyashusha kwanza. Upande huu yupo aliyeuona ugonjwa wenyewe. Upande huu yupo aliyeyashusha mwisho, kwa mzaha wa kumkataa mbuzi. Na kila mmoja amenyoosha mkono anasema, "Nipe mbuzi wangu."

Haya, ninyi mnaotafuna karanga mkidhani mimi ndiye nitakayesema. Mabega yameanza kupanda tena, na mwenye mbuzi anangoja. Je, apewe nani? Nataka jina moja.